Psion Organiser II na vikorokoro vyake: anza na waya, kumbukumbu baadaye

Kila anayeinunua Psion Organiser II, kompyuta ndogo ya mkononi ya miaka ya themanini, huanza na swali lilelile: nitapata wapi Datapak, yaani pakiti ya kumbukumbu, ya kilobaiti 128? Usihangaike nayo. Kama una hela ya kuongezea kitu kimoja tu kwenye mashine hii, nunua Comms Link, ule waya unaochomekwa kichwani mwake na kuiunganisha na kompyuta kubwa. Ukibakiwa na chochote, tafuta Rampak, pakiti ya kumbukumbu inayofutika na kuandikwa upya. Datapak ndogo mbili zifuate, tena mbili, kwa sababu moja peke yake itakusumbua. Nitakaa zaidi kwenye Datapak kwa kuwa ndizo zinazotia watu hasira, na karibu kila mara anayekasirika hajaelewa zinavyofanya kazi.

Kwa asiyeifahamu mashine yenyewe: Psion ilikuwa kampuni ya London, ilianzishwa na David Potter mwaka 1980. Organiser ya kwanza ilitoka 1984, hii ya pili ikatoka 1986. Prosesa yake ni HD6303X ya Hitachi, mwendo wake haufiki hata megahezi moja. Ya bei nafuu iliitwa CM, ina kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti 8. Mkubwa wake, XP, alianza na 16 kisha akapewa 32. Zote mbili zina skrini ya mistari miwili, kila mstari herufi 16. Mwaka 1989 ikaja LZ yenye mistari minne ya herufi 20, na baadhi zake, zile za LZ64, zina kilobaiti 64. Vitufe vimepangwa kwa mfuatano wa A, B, C, siyo kama taipureta, na mashine nzima inalindwa na ala ya plastiki ngumu inayotelezeshwa juu ya vitufe. Ninayoitumia ni XP ya 32. Imeanguka sakafuni mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema na bado inawaka.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kazi yangu ina namba nyingi kupita kiasi: sindano za DBx1 za mashine za viwandani, za 15x1 za mashine za nyumbani, saizi 80/12, 90/14, 100/16, bobini za aina hii na ile, mikanda, vyuma vya kulisha kitambaa, na kila kimoja kina droo yake. Kijana ninayemfundisha kazi huniambia, "Fundi, si ungeandika kwenye simu tu?" Simu ninayo. Ila ukiwa na mafuta ya mashine mikononi, kioo cha simu hakikusikii, na vitufe vya Psion vinakusikia hata kwa kidole kilichoteleza. Pia ukiiwasha inawaka papo hapo, unaandika DBX1, unabonyeza EXE, jibu limekuja. Kwa hiyo nitakachosema hapa ni maoni ya mtu anayeifanyisha kazi, hajaiweka kabatini kama pambo.

Kwanza jinsi ilivyopangwa. Kumbukumbu ya ndani inaitwa A:. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili, B: na C:, na humo ndimo zinamoingia pakiti za kumbukumbu. Kichwani, chini ya kifuniko kinachotelezeshwa, kuna tundu la tatu la vifaa vingine: waya wa Comms Link, kalamu ya kusoma misimbo ya mistari, kisoma kadi za sumaku, na kadhalika. Ukichagua SAVE skrini huandika SAVE A:, ukibonyeza MODE inageuka B:, ukibonyeza tena C:. FIND, ya kutafuta, nayo ni hivyohivyo. Hakuna cha zaidi cha kujifunza, na hapo walipanga vizuri sana. Angalizo moja: zima mashine kabla ya kuchomoa au kuchomeka pakiti.

Sasa Datapak. Zilitengenezwa za kilobaiti 8, 16, 32, 64 na 128. Ndani yake kuna chipu ya epromu, ile ambayo ikiandikwa imeandikwa, na haifutiki kwa umeme. Chipu ikiwa tupu, biti zake zote ni 1. Kuandika ni kuzigeuza baadhi ziwe 0. Kutoka 0 kurudi 1 hakuna njia ndani ya mashine. Ni lazima chipu ianikwe kwenye mionzi ya urujuanimno, na ikianikwa vinafutika vyote kwa pamoja. Huwezi kufuta rekodi moja ukaacha nyingine.

Basi mashine inafanyaje ukiiambia ifute? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi wake. Kila rekodi kwenye Datapak hutanguliwa na baiti mbili: ya urefu na ya aina. Biti ya juu kabisa ya hiyo baiti ya aina ikiwa 1, rekodi ni hai. Ukiifuta, mashine inaigeuza biti hiyo moja kuwa 0, jambo ambalo epromu inaliruhusu, na kuanzia hapo FIND inairuka. Maandishi yenyewe yapo palepale, hayaonekani tu, na nafasi yake hairudi. Ukibadilisha rekodi ni vivyo hivyo: ya zamani inafungwa, mpya inaandikwa mwishoni.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo pesa inapoliwa. Rekodi yangu ya kawaida ni kama hii:

SINDANO DBX1 16
DROO 4
ZIMEBAKI 30

Kwa wastani rekodi zangu zina herufi 40 hivi, ukijumlisha zile baiti mbili ni 42. Nikiuza sindano kumi na kubadilisha 30 iwe 20, nimegusa tarakimu moja tu, lakini Datapak imemeza baiti nyingine 42. Pakiti ya kilobaiti 8 ina baiti 8,192, kwa hiyo mabadiliko yasiyofika 200 yanatosha kuijaza mpaka iandike PACK FULL, hata kama ndani yake kuna rekodi hai moja tu. Mtu asiyejua hili ataapa kwamba pakiti yake ni mbovu. Ni nzima kabisa. Kakosea kuipa kazi isiyo yake.

Kazi yake ni vitu visivyobadilika. Orodha ya sindano na mashine zinazoziingia haibadiliki. Namba za vipuri hazibadiliki. Jedwali la kipimo cha uzi na sindano halibadiliki. Hivyo vyote viko kwenye Datapak yangu ya 16, ambayo ukigawa baiti 16,384 kwa 42 inabeba rekodi kama 390, na bado haijajaa. Idadi ya bidhaa zilizobaki siiweki humo kabisa. Kitu kilichomo humo hakipotei kwa betri kuisha, kwa mashine kuanguka, wala kwa mtoto kubonyeza vitufe ovyo. Hata akifuta, amefunga biti tu, na wajuzi wanaosoma pakiti nzima kwa kompyuta huyatoa maandishi yaliyofichwa. Jambo hilo lina upande wake mbaya: ukinunua Datapak iliyotumika bila kusafishwa kwa mionzi, unanunua na siri za mwenyewe wa kwanza. Na ukiuza yako, unauza zako.

Sasa kwa nini nasema mbili. Pakiti ikijaa takataka, unaweka tupu kwenye tundu la pili na kutumia COPY kutoka B: kwenda C:. Mashine inahamisha rekodi hai tu, iliyofungwa inaachwa. Ukimaliza, C: ina kila unachohitaji na nafasi imerudi, na ile ya zamani inaenda kwenye mionzi. Ukiwa na Datapak moja lazima upitishe vitu A:, na kama A: ni kilobaiti 8 za CM, pole. Jihadhari na kitu kimoja: ukinakili faili lenye jina ambalo tayari lipo upande wa pili, rekodi zinaongezwa mwishoni mwake, hazichukui nafasi ya zile za kwanza. Ukinakili mara mbili utakuwa na kila sindano mara mbili.

Kuhusu kusafisha. Psion waliuza kisanduku chao kilichoitwa Formatter, chenye taa ya urujuanimno ndani. Ukikipata kizima, vizuri. Usipokipata, kisanduku chochote cha kufutia epromu kinafanya kazi, kwa sababu chipu ni ya kawaida na inahitaji mionzi ileile ya nanomita 253.7. Kuna kidirisha juu ya chipu ambacho mionzi inapitia. Hakikisha hakina gundi ya lebo wala alama ya kidole chenye mafuta. Taa hiyo usiitazame hata kwa sekunde, inaunguza macho. Jua pia lina mionzi ya urujuanimno, ndiyo maana kidirisha kinatakiwa kufunikwa pakiti ikiwa kazini. Baada ya kusafishwa, pakiti inarudishwa kwenye mashine, na mashine yenyewe inaitambua kuwa ni mpya, inapima ukubwa wake, inaiandikia mwanzoni maelezo ya kuitambulisha. Inachukua muda kidogo. Tulia, usiichomoe.

Nirudi kwenye ile ya 128 ambayo kila mtu anaitamani. Kasoro yake ya kwanza ni mwendo. Datapak haina waya wa anwani kwa kila baiti kama kumbukumbu ya kawaida. Ndani yake kuna vihesabio, na mashine inasogea kwa kuhesabu hatua. Pakiti kubwa zimegawanywa kurasa ili kurahisisha, lakini FIND bado inapitia rekodi moja baada ya nyingine. Kwenye pakiti ndogo jibu linakuja kabla hujanyanyua kidole. Kwenye kubwa iliyojaa, unapata muda wa kufuta mikono. Kasoro ya pili ni kwamba ukitaka kuisafisha, lazima uhamishe kilobaiti 128 nzima mahali fulani kwanza, na Organiser haina pa kuziweka isipokuwa kwenye nyingine ya ukubwa huo. Na ya tatu, ambayo watu husahau: kuandika epromu kunataka takriban volti 21, ilhali betri ni ya volti 9. Mashine inaizalisha volti hiyo yenyewe, na gharama unailipa kwenye betri. Kunakili pakiti kubwa kwa betri iliyochoka ni kujitafutia balaa. Zipo kazi zinazoistahili, kama kamusi au orodha ndefu ya bei iliyotengenezwa kwenye kompyuta na kuandikwa mara moja. Mtu wa kawaida haihitaji. Mimi nina ya 16 mbili na ya 32 moja, na ile ya 32 nadra kuichomeka.

Kuna faida moja ya Datapak isiyosemwa sana, na wenye CM yenye kilobaiti 8 waisikie. Lugha ya programu ya mashine hii, OPL, imejengwa kwa vijiprogramu vidogo vinavyoitana. Kimoja kikiitwa, mashine inakivuta kutoka kwenye pakiti, inakiweka kwenye kumbukumbu ya ndani, na kikimaliza kazi inakiondoa. Kwa hiyo programu yenye urefu unaozidi A: inaweza kukimbia, mradi umeikata vipande na hakuna vipande vingi vinavyosubiriana kwa wakati mmoja. Vigezo vyake, yaani thamani inazozishika ikiwa kazini, ndivyo vinavyokaa ndani, na hivyo ndivyo vya kubania. Nina programu ya kukokotoa ukubwa wa puli na mwendo wa mashine, vipande vyake vyote viko B:, na A: haihisi kitu. Na ukishaitafsiri programu kuwa msimbo unaoendeshwa na mashine, weka kwenye pakiti ile iliyotafsiriwa tu, matini yake ya asili uyatunze kwenye kompyuta, maana nayo hula nafasi.

Rampak ni habari nyingine kabisa. Yangu ni ya kilobaiti 32. Kwa umbo ni kama Datapak, inaingia tundu lilelile, lakini ndani ni kumbukumbu ya kawaida inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu. Ukifuta, nafasi inarudi hapohapo. Kuandika hakunyonyi betri kubwa kwa kuwa hakuna volti 21. Idadi za bidhaa zangu ziko humu, na hubadilika siku nzima bila mimi kuhesabu baiti. Kwa matumizi ya kila siku hakuna kinachoikaribia.

Udhaifu wake unaujua tayari: hiyo betri ndogo ikifa, yaliyomo yamekwenda. Hizi pakiti zina umri wa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo Rampak yoyote utakayoletewa, ichukulie kuwa betri yake imekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo ni rahisi: andika rekodi moja, zima, chomoa, iache mezani mpaka kesho, rudisha, tafuta. Ikipotea, kifungue kiganda taratibu na ubadilishe betri. Mwenye mkono wa kuchomelea ataimaliza haraka. Usilipe bei ya nzima kwa isiyofaulu kipimo hiki. Nami hata kwa hii yangu niliyoibadilishia, mwisho wa wiki nahamisha yaliyomo kwenye kompyuta. Siiamini betri ya lithiamu kuliko ninavyomwamini mteja anayesema atalipa Jumatatu.

Flashpak nazo zipo, zilikuja baadaye. Zinafutika kwa umeme zikiwa ndani ya mashine, hazihitaji taa wala betri ya ndani. Kwa maelezo hayo zingekuwa jibu la kila kitu, isipokuwa bado hazifuti rekodi mojamoja; kurudisha nafasi ni kufuta pakiti yote. Ukiiona kwa bei ya kawaida chukua, ukiiona kwa bei ya wakusanyaji iache. Nimeitumia ya kuazima, sikuona cha kunifanya niuze Rampak yangu.

Comms Link. Hii ndiyo iliyogeuza mashine kutoka kitu cha kuchezea kuwa chombo cha kazi. Ni kipande cha plastiki kinachoingia tundu la juu, kina waya, na mwisho wa waya kuna plagi ya pini 25 ya siriali ya RS232. Uzuri wake ni kwamba programu inayoiendesha imo ndani ya plagi yenyewe. Unachomeka, uko kwenye menyu kuu, unabonyeza ON/CLEAR, na mbele ya macho yako neno COMMS linajitokeza kwenye menyu. Hakuna diski wala kusakinisha. Miaka ya themanini! Leo nina mashine ya kuchapisha inayotaka nijiandikishe kwa barua pepe kabla haijatoa ukurasa mmoja.

Ndani ya COMMS kuna TRANSMIT, RECEIVE, SETUP, na TERM ya kuigeuza Psion kuwa kituo cha mazungumzo na kompyuta nyingine. SETUP inakuja ikiwa na mwendo wa baud 9600, biti 8, bila pariti, na nadra nimehitaji kuigusa. Kinachohitaji kuchaguliwa ni itifaki, yaani kanuni ambazo mashine mbili zinazungumza kwazo. Ukiacha bila itifaki, maandishi yanamwagika tu, na herufi ikipotea njiani hutajua. Chagua XMODEM, ambayo inahakiki kila kifurushi na kukirudia kikiharibika. Karibu kila programu ya mawasiliano ya siriali inaifahamu hadi leo. Ipo pia itifaki ya Psion wenyewe, inayotaka programu yao upande wa kompyuta. Faili likitua kwenye kompyuta ni maandishi matupu: rekodi moja kwa mstari, na kilichokuwa mstari wa pili au wa tatu kwenye skrini ya Psion kinatenganishwa kwa alama ya tabo. Lifungue kwenye jedwali lolote la hesabu, kila kitu kimekaa safu yake. Nalihariri huko kwa kibodi ya kawaida, nalirudisha.

Ndiyo maana naitanguliza. Mwenye Comms Link haogopi A: kujaa, kwa sababu anapakua. Haogopi Datapak kujaa takataka, kwa sababu anahamisha, anasafisha, anarudisha, hata kama hana ya pili. Haogopi Rampak kufa. Kuandika rekodi 300 kwa kidole gumba kwenye vitufe vya A, B, C ni adhabu. Kuzituma kutoka kwenye kompyuta ni kazi ya kunywea chai. Na OPL nayo inanufaika: LPRINT, amri yake ya kuchapisha, ambayo bila waya haina pa kupeleka maneno, inaanza kuyatoa nje.

Kwa kompyuta za leo utahitaji adapta ya USB kwenda siriali, na kiunganishi cha kutoka pini 25 kwenda 9. Adapta za bei ya chini kabisa ziepuke, nyingine hupoteza herufi. Jambo jingine ni umeme. Waya ukiwa kazini unanyonya betri ya volti 9 kwa kasi, na ikizimika katikati ya kupokea, faili limekatika. Comms Link ina soketi ya adapta ya umeme, itumie. Ukitumia betri za kuchaji za umbo hilo la volti 9, elewa kwamba nyingi volti zake halisi ziko chini kidogo, kwa hiyo mashine itakulalamikia mapema kuliko kwa betri ya alkali. Kwa kuandika Datapak natumia alkali mpya, kwa kusoma tu naweka ya kuchaji.

Siku hizi wapo pia wapenzi wa mashine hizi wanaotengeneza mbadala mpya: waya unaoingia USB moja kwa moja, na pakiti zenye chipu za kisasa zinazojifanya Datapak au Rampak. Nimeona zikifanya kazi na ni safi. Kama huna haja ya kuwa na vya asili, anzia huko, utaepuka suala zima la betri zilizooza na taa za urujuanimno.

Vilivyobaki nitavipitia upesi. Kalamu ya misimbo ya mistari inasoma vizuri ikiwa mkono wako hautetereki na karatasi haijakunjamana. Kwa anayehesabu mali ghalani ina maana, kwangu vipuri vingi havina msimbo wowote. Kisoma kadi za sumaku, sina la kufanyia. Printa ikiwa ya karatasi ya joto, maandishi yake hufifia. Kama risiti unaitaka idumu, tuma kwa LPRINT kwenye printa nyingine.

Ukiwa unanunua vya mkononi kwa mtu, picha ya pakiti imekaa mezani haikuambii chochote. Mwombe aichomeke, aingie FIND, abonyeze MODE mpaka tundu husika, kisha akupigie picha ya skrini. Skrini ikisema NO PACK, ama pini zimechafuka au chipu imekufa. Pini husafishwa kwa pamba na spiriti, chipu haisafishiki. Kwa Comms Link, taka uone neno COMMS kwenye menyu. Muuzaji mmoja alinijibu kwamba hana betri ya kujaribia. Betri ya volti 9 inauzwa kila mahali, nikamwambia nitasubiri anunue, na hakunijibu tena.